Hadithi ya gemu inakaa vidoleni

Ndugu Mhariri,

Salaam kwako na kwa wote mnaoliandaa gazeti. Mi ni msomaji wa ukurasa wenu wa utamaduni siku nyingi na sijawahi kuwaandikia, ila kuna makala mliyotoa hivi karibuni kuhusu magemu ambayo mwandishi wake alimalizia kwa kusema gemu haliwezi kuwa na hadithi ya maana, kwamba stori ya gemu ni kama karatasi ya kufungia mzigo, ukishafungua unaitupa unaanza kupiga risasi. Nimeisoma mara mbili. Kuna sehemu namkubalia kabisa na nitazisema, lakini kwenye hilo hitimisho kakosea, na nadhani kakosea kwasababu aliitafuta hadithi mahali ambapo haikai.

Mwenyewe anasema aliangalia zile video za katikati ya gemu mtandaoni, moja baada ya nyingine, kama mtu anayeangalia muvi. Sasa hapo ndo tatizo lilipoanzia. Ni sawa na kuhukumu wimbo kwa kusoma maneno yake kwenye karatasi bila kusikia sauti ya mwimbaji. Zile video mara nyingi ndo sehemu dhaifu kuliko zote, hata mi nyingine naziruka. Hadithi ya gemu inapita kwenye mikono ya anayecheza, yaani kile ulichokifanya wewe kwa vidole vyako ndo kinakuja kukuuma au kukufurahisha baadaye, na gemu lenye hadithi kubwa ni lile lililojua kukitumia hicho kitu.

Naomba nieleze kwa mfano mmoja taratibu, maana bila mfano hii kauli haina uzito. Kuna gemu linaitwa Brothers: A Tale of Two Sons, lilitoka 2013, aliyeliongoza ni Josef Fares ambaye kabla ya hapo alikuwa mtu wa filamu huko Sweden. Ni ndugu wawili wa kiume, baba yao anaumwa sana, wanasafiri kwenda kumtafutia maji ya mti wa uzima. Lugha wanayoongea ni ya kutungwa, hakuna binadamu anayeielewa, kwahiyo maneno hayakusaidii chochote. Na uchezaji wake uko hivi: kijiti cha kushoto cha padi (kile kifaa cha kuchezea unachoshika kwa mikono miwili) pamoja na kitufe cha nyuma upande huohuo ni vya kaka mkubwa, cha kulia na kitufe chake ni vya mdogo. Unawaendesha wote wawili kwa pamoja, mkono huu kaka, mkono huu mdogo, mwanzoni wanagongana gongana kama walevi kwasababu ubongo unagoma kugawanyika, ila baada ya saa moja unazoea kiasi kwamba unasahau. Mdogo hajui kuogelea na maji anayaogopa, mama yao alikufa maji na yeye alikuwepo, kwahiyo kila mkifika kwenye maji anang'ang'ania mgongoni kwa kaka yake ndo mnavuka.

Mwishoni kaka anakufa (samahani kwa ambao hawajacheza, lakini gemu lina zaidi ya miaka kumi sasa na bila kusema hili siwezi kusema lolote). Gemu linakutaka umburute kaburini wewe mwenyewe, umfukie wewe mwenyewe, na unafanya yote hayo kwa mkono wa kulia tu. Ule wa kushoto umeshika padi lakini hauna kazi. Hapo ndo nilianza kuhisi kitu ambacho muvi haijawahi kunifanyia, yaani nusu ya mikono yangu imekufa. Halafu mdogo anarudi nyumbani na yale maji aliyoyatafuta, anafika kwenye maji mengine, mvua inanyesha, na mgongo wa kupanda haupo. Nikabonyeza kitufe chake cha kulia, anakataa. Nikabonyeza tena, anarudi nyuma. Nikadhani gemu limeganda, nikawa nahangaika tu pale ukingoni huku nikilaumu mashine, mpaka kidole cha mkono wa kushoto kikashuka chenyewe kwenye kile kitufe cha marehemu. Mtoto akaingia majini akaanza kuogelea.

Mhariri, hakuna neno lililosemwa pale. Hakuna maandishi yaliyokuja kunieleza kwamba ujasiri wa kaka sasa uko ndani ya mdogo wake. Nilikijua kupitia kidole. Sasa huyo mwandishi wenu hata angeangalia hicho kipande mtandaoni mara mia angeona mtoto anaogelea tu, akaandika kwamba ni stori ya kawaida ya ndugu wawili, na kwa alichokiona angekuwa sahihi.

Watu wengi wanaotetea magemu huwa wanakimbilia kwenye uamuzi, wanasema gemu ni kubwa kwasababu mchezaji anachagua, miisho ni mingi, dunia inabadilika kutokana na wewe. Mi sikubaliani nao moja kwa moja. Hilo la Brothers halina uamuzi wa kubadilisha mwisho, kila anayelicheza anamzika yule kaka. Halafu kuna magemu yana miisho chungu nzima na hakuna hata mmoja unaoukumbuka kesho yake kwasababu kuchagua kwenyewe ni kubonyeza sentensi moja kati ya tatu kwenye skrini, ambayo ni kazi ya mitihani. Uamuzi unakuwa na maana pale unapokugharimu kitu ulichokihangaikia.

Lipo linaitwa Papers, Please, la Lucas Pope, nalo la 2013. Picha zake ni za kizamani kabisa, ukilionyesha kwa mtu anayependa grafiki atacheka. Wewe ni mkaguzi wa mpakani kwenye nchi ya kubuni inaitwa Arstotzka, mwaka ni 1982, umekaa kwenye kibanda, watu wanaingia mmoja mmoja na pasi zao, unakagua tarehe, jina, picha, unavuta kibao cha mihuri unagonga kijani apite au nyekundu arudi. Unalipwa kwa kila uliyemhudumia vizuri. Makosa mawili ya kwanza kwa siku ni onyo tu, la tatu unakatwa hela. Jioni hela hiyohiyo ndo unagawa kodi, chakula na joto la nyumbani, na nyumbani kuna mke, mtoto, mama mkwe na mjomba. Basi. Kwa jinsi nilivyolieleza hapa utasema hiyo ni kazi ya ofisini, nani anacheza kazi ya ofisini?

Siku moja akaja mwanaume, makaratasi yake yote safi, nikamgongea kijani, anaondoka ananiambia mke wake ndo anafuata nyuma yake, nimfanyie wema. Mke akaja. Hana kibali cha kuingia. Anasema akirudi kwao watamuua. Mi siku hiyo nilishamaliza maonyo yangu mawili kwa uzembe wa tarehe, na nyumbani mtoto alikuwa anaumwa, hela ya dawa ilikuwa inahesabika. Nilikaa pale nimeshika kipanya cha kompyuta muda mrefu kwelikweli huku saa ya gemu inatembea na foleni nje inazidi. Nikagonga nyekundu. Hakuna muziki wa huzuni, hakuna video, akaingia anayefuata kwenye foleni na pasi yake nikaanza kuangalia tarehe. Jioni nikanunua dawa. Hilo gemu lina miisho 20 lakini mi naukumbuka ule mhuri tu, na nilivyougonga haraka ili yule mama aondoke mbele yangu.

Hiyo aibu niliyoisikia ilikuwa yangu. Kwenye riwaya ningemhukumu yule mkaguzi, ningesema ana roho mbaya. Hapa nilikuwa sina wa kumhukumu.

Sasa nije kwenye ninayomkubalia mwandishi. Ni kweli magemu mengi, tena yale makubwa ya hela nyingi, stori na uchezaji vinaishi nyumba mbili tofauti. Chukua gemu la GTA San Andreas la 2004, ambayo wengi wetu tumekua nayo na naipenda mpaka kesho. CJ, ambaye ndo unamwendesha, anarudi nyumbani kumzika mama yake, kwenye video anaonekana kaumia kweli, halafu video ikiisha padi inarudi kwako na dakika mbili mbele umeshagonga watu saba barabarani na hakuna anayekuuliza, wala CJ mwenyewe habadiliki. Stelingi anayelia kwenye video na stelingi unayemwendesha ni watu wawili. Mwandishi akiliita hilo karatasi ya kufungia sitabishana naye. Magemu ya namna hiyo ni mengi na waliyoyaandika wala sio wajinga, ila inaelekea aliyeandika maneno na aliyetengeneza uchezaji hawakukaa meza moja.

Ila tazama waliotengeneza San Andreas walifika wapi walivyofika 2018 na Red Dead Redemption 2. Arthur Morgan, unayemwendesha, ni jambazi wa Marekani ya 1899, mapema kabisa unatumwa kudai deni kwa mkulima mmoja mnyonge anaitwa Downes. Ni misheni ndogo, unaibonyeza bonyeza upesi uendelee na mengine. Unampiga, mgonjwa yule anakukoholea damu usoni, mkewe anatoka kupiga kelele, unaondoka. Masaa mengi sana baadaye, mi ilikuwa imepita karibu wiki tatu za kucheza kila usiku, Arthur anaanza kukohoa, anaambiwa ana kifua kikuu, na ndo unakumbuka. Kile kitufe ulichokibonyeza bila kufikiria ndo kilimuua. Hukupewa nafasi ya kukataa, na bado unajiona mkosaji, kwasababu ulikuwa na haraka na Arthur naye alikuwa na haraka, siku ile mlikuwa mtu mmoja. Kuanzia hapo anakonda mbele ya macho yako, na mi nikajikuta natembeza farasi polepole, nasaidia watu njiani ambao mwanzo nilikuwa nawapita. Hakuna aliyenilazimisha.

Undertale la 2015 limekwenda mbali zaidi. Kuna mama mmoja mpole anaitwa Toriel anakulea mwanzoni halafu inabidi mpambane, na wengi tulimuua kwasababu tumezoea gemu maana yake ni kupiga mpaka adui aishe. Unaumia, unarudi pale ulipoliseva gemu, yaani ulipolihifadhi, safari hii unamwacha hai, unajiona mjanja. Unatoka nje unakutana na ua linaloongea, na ua linakuambia linajua ulichofanya, ulimuua ukarudi nyuma kufuta. Nilishtuka kama mtu aliyefumaniwa. Toby Fox alilitengeneza kwa sehemu kubwa peke yake, kwahiyo hela na jeshi la wafanyakazi sio kisingizio.

Na kama mtu anataka kuona jinsi mikono miwili inavyoweza kusimulia kuliko maneno, kuna kipande kwenye What Remains of Edith Finch la 2017, kijana anaitwa Lewis anafanya kazi kiwanda cha samaki. Kijiti cha kulia ni mkono wake: shika samaki, sogeza kwenye kisu, kata kichwa, tupa. Kijiti cha kushoto unaongoza ndoto anayoiota akiwa kazini, mwanzo ni kipicha kidogo pembeni ya skrini, kinakua, kinakua, mpaka ndoto inafunika skrini yote, na mkono wa kulia bado unakata samaki ambao hata huwaoni tena. Unawakata kwa mazoea. Nilipogundua kwamba mkono wangu unafanya kazi bila mimi, nilimwelewa Lewis, na nikaelewa kwanini hakutaka kurudi huku kwetu. Kipande chote ni dakika chache tu.

Ombi langu kwenu ni dogo. Kama mnaweza kuweka safu ya vitabu na safu ya muvi, wekeni na ya magemu, hata mara moja kwa mwezi, na anayeiandika awe kayacheza hayo magemu kwa mikono yake mpaka mwisho. Asituambie tu stori ilikuwaje, atuambie alifanya nini na alijisikiaje alivyofanya. Vijana wanaokesha na haya mambo ni wengi na hawana pa kusoma mtu mzima anayeyachukulia kwa uzito, wanachopata ni idadi ya nyota na ubishi wa grafiki.

Na huyo mwandishi wenu, ambaye makala zake nyingine nazipenda na nitaendelea kuzisoma, namwomba aanze na Brothers. Ni masaa matatu hivi, jioni moja inatosha. Akifika kwenye yale maji asimuulize mtu afanye nini.

Ni mimi msomaji wenu.