Ndege wa bronzi na kazi ya tupa

Ndugu Salum,

Salamu nyingi. Unasema sanamu yako ya ndege wa bronzi ina mawimbi, wakati ile ya mchongaji Constantin Brâncuși inang'aa kama maji yaliyotulia. Kasoro yako imeanzia kwenye tupa, kabla hata hujagusa msasa.

Brâncuși, mzaliwa wa Hobița, Romania, aliingia karakana ya mchongaji Mfaransa Auguste Rodin mwaka 1907 na kutoka muda mfupi baadaye. Kwa Rodin wasaidizi ndio walioshika patasi. Yeye alitaka mkono wake ufike mwisho wa kazi, na hata sanamu zilizosubiwa kiwandani, yaani zilizomiminwa kwenye kalibu, alizimalizia mwenyewe kwa tupa na msasa laini. Ndiyo maana ndege wake hawalingani: umbo lilikuwa bado linaamuliwa pale kwenye tupa.

Basi rudi nyuma. Kata vishina vilivyobaki vya njia za kumiminia bronzi iliyoyeyuka, kisha chukua tupa ndefu na uivute kwa kufuata urefu wa mwili. Tupa ndefu hupita juu ya bonde na kula kilima. Kidole chenye msasa huingia bondeni na kulichimba zaidi. Hayo ndiyo mawimbi yako. Msasa nao uuzungushie kipande cha ngozi ngumu, uanze na namba 120, halafu 240, 400, 600 na 1000. Kila namba ikatize mistari ya iliyotangulia, na usisonge mbele mpaka mistari ile iishe yote. Ukiruka namba, mikwaruzo itajitokeza siku ya kung'arisha.

Pima kwa dirisha: tazama ukingo wake ukiakisiwa mwilini. Ukipinda ghafla, rudi kwenye tupa.

Vitundu vidogo ni gesi iliyonaswa wakati wa kusubu. Kuvisugua hufungua vingine. Toboa, pigilia kipini cha bronzi ileile, kisha shusha kwa tupa. Ukiziba kwa metali nyingine, doa la rangi litabaki.

Mwaka 1926 forodha ya New York ilimtoza ndege wa Brâncuși ushuru wa asilimia 40, kama bidhaa ya metali, si sanaa. Mahakamani mashahidi waliulizwa kama fundi hodari hangeweza kumtengeneza. Mwaka 1928 hukumu ikasema ni sanaa. Mimi naiona haki kabisa: fundi angeweza kung'arisha, lakini asingejua pa kusimamisha tupa.

Ukimaliza, mshike kwa glavu za pamba, maana jasho huacha alama. Niandikie ukifika namba 400.

Wako,
Hamisi