Risala ya Kamati ya Shule na Klabu ya Usalama Barabarani kwa Mgeni Rasmi: Mitaa ya Kutembea na Kuendesha Baiskeli bila Hofu Jijini Mbeya

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mheshimiwa Diwani wa kata yetu, Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa, Mwalimu Mkuu, walimu, wazazi na walezi, ndugu zetu madereva wa bajaji na bodaboda mlioitikia mwaliko, wanafunzi, mabibi na mabwana.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha tukiwa wazima, na tunakushukuru wewe binafsi kwa kuacha shughuli zako nyingi ili uwe nasi katika siku hii ya wazazi. Risala hii imeandaliwa na kamati ya shule ikishirikiana na klabu ya usalama barabarani, na kwa ruhusa yako haitagusa madawati wala matundu ya vyoo, ambayo yamo katika taarifa ya Mwalimu Mkuu. Itahusu jambo moja tu, nalo ni namna mitaa inayoizunguka shule hii inavyoweza kutengenezwa upya ili mtoto aje shuleni kwa miguu au kwa baiskeli na arudi nyumbani salama.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, hapa Mbeya mwezi Juni jua huchomoza karibu saa 1 asubuhi, na siku ambazo ukungu umeshuka kutoka mlimani mwanga huchelewa zaidi. Mtoto anayetakiwa kuwahi namba hutoka nyumbani gizani, amejikunyata ndani ya sweta, kofia imefunika masikio, mkono mmoja umeshika fagio na mwingine umeshika kidumu cha maji. Mtoto huyo hasikii vizuri, haonekani vizuri, na hana mkono wa kumsimamisha dereva. Tumekuwa tukimfundisha kutazama kulia, kushoto na kulia tena, na tutaendelea kumfundisha, lakini tunaona si haki mzigo wote wa usalama uwekwe juu ya kichwa cha mtoto wa darasa la pili wakati barabara yenyewe imejengwa kana kwamba yeye hayupo.

Tunaishukuru sana Serikali kwa kutuletea lami. Hata hivyo, ni lazima tuseme kwamba barabara yetu ilipokuwa ya vumbi, mashimo ndiyo yaliyokuwa trafiki wetu, na yalipozibwa hakuna kilichowekwa badala yake. Lami imeanzia ukingo wa mtaro wa upande huu na kuishia ukingo wa mtaro wa upande wa pili. Mitaro hiyo ya mawe ni ya lazima, kwa maana mvua zetu zinazoanza Novemba na kuendelea hadi Aprili si za mchezo, na hakuna anayependekeza ifukiwe. Tatizo ni kwamba mtaro ulio wazi, wenye kina kinachomfika mtoto wa darasa la kwanza kifuani, umechukua nafasi ambayo ingekuwa ya mwenda kwa miguu. Magari mawili yanapopishana, mtoto husimama ukingoni, visigino vyake vikiwa juu ya jiwe la mtaro, na kusubiri yapite.

Dawa ya jambo hili tunaiona kuwa karibu. Mtaro ukifunikwa kwa vifuniko vya zege, palepale panapatikana njia ya miguu bila kumbomolea mtu ukuta wala kufidia kiwanja. Ziko nasaha chache za kitaalamu ambazo tungeomba zizingatiwe. Vifuniko viwe vya vipande vinavyonyanyuka, ili mtaro uweze kuzibuliwa taka kabla ya masika. Viachwe vitundu vya kupitishia maji, lakini visiwe mipasuko mirefu inayoelekea upande wa safari, kwa kuwa gurudumu la baiskeli huzama humo na kumwangusha mwendeshaji. Pale upana unaporuhusu, njia isipungue mita 1.8, ambao ndio upana unaowezesha viti mwendo viwili kupishana. Tunao wanafunzi wenye ulemavu katika shule hii, na kwao suala la upana si la mapambo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, turuhusu tuzungumzie matuta kwa kirefu kidogo, kwa sababu kila tunapolalamikia mwendo wa magari jibu la kwanza huwa ni tuta. Tuta letu lililopo mbele ya geti halifiki hadi ukingoni. Pande zote mbili limeachwa pengo la kupitisha maji ya mvua. Bodaboda asiyetaka kurushwa hupita kwenye pengo hilo bila kupunguza mwendo, na pengo hilo ndipo watoto wanapotembea. Kwa hiyo tuta lililokusudiwa kuwalinda limeishia kuzielekeza pikipiki kwao. Yeyote anayetilia shaka maneno haya anakaribishwa kusimama getini wakati wa kutawanyika.

Tunachoomba badala yake ni kivuko kilichoinuliwa, yaani sehemu pana na bapa ya barabara iliyopandishwa takriban sentimita 10, yenye miteremko laini pande mbili za kuingilia, ikitoka kwenye njia ya miguu ya upande mmoja hadi ya upande wa pili bila pengo, huku maji yakipita chini yake kwa bomba. Juu yake huchorwa pundamilia. Mtoto havuki tena kwa kushukia kwenye barabara ya magari, bali gari ndilo linalopandia kwenye njia ya mtoto, na dereva hulihisi hilo kwenye usukani hata kama hakusoma kibao. Pembeni husimikwa nguzo fupi za zege zilizoachana vya kutosha kupitisha kiti mwendo na kutosha kulizuia gari lisiegeshwe juu ya njia. Faida nyingine ni kwamba kivuko cha namna hii hakimrushi mgonjwa aliyemo ndani ya gari kama yanavyofanya matuta membamba yenye ncha, ambayo kwa kweli yamewachosha hata madereva waungwana.

Klabu yetu ilitumia kipindi cha hisabati kupiga hesabu ya mwendo. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa, ambao ndio ukomo wa Sheria ya Usalama Barabarani katika maeneo ya makazi, hupita karibu mita 14 kila sekunde. Dereva anayechukua sekunde moja kushtuka na kupeleka mguu kwenye breki anakuwa amekwisha kula mita hizo 14 kabla gari halijaanza kupunguza mwendo. Kwa kilomita 30, sekunde hiyohiyo hula mita 8 na kitu. Nishati ya kugonga nayo hupanda kwa kipeo cha pili cha mwendo, hivyo kutoka 30 hadi 50 huongezeka karibu mara tatu. Ndiyo maana mkutano wa dunia wa usalama barabarani uliofanyika Stockholm, Sweden, Februari 2020, ulitaka mwendo usizidi kilomita 30 kwa saa mahali ambapo waenda kwa miguu na baiskeli huchanganyika na magari. Shirika la Afya Duniani, katika taarifa yake ya mwaka 2023, limeeleza kuwa ajali za barabarani ziliua watu milioni 1.19 mwaka 2021, na kwamba ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wenye umri wa miaka 5 hadi 29.

Hata hivyo, kibao cha 30 peke yake hakitatusaidia. Dereva huendesha kwa kadiri barabara inavyomruhusu, na barabara pana iliyonyooka humwambia akanyage mafuta. Wanafunzi walipochora ramani za njia zao za kuja shuleni, alama nyekundu za hatari nyingi ziliangukia kwenye kona ya kuingilia mtaani kwetu kutoka barabara kubwa. Kona hiyo imechongwa kwa upana kiasi kwamba bajaji huikata bila kugusa breki, na tena bajaji zinazosubiri abiria hapo huziba macho ya mtoto na ya dereva kwa pamoja. Tulikaa na viongozi wa kijiwe cha bajaji, na tunawapongeza kwa uungwana wao, kwani walikuwa wa kwanza kusema kwamba wako tayari kusogea ndani iwapo watatengewa eneo lao linalofikika na abiria. Kona yenyewe ikibanwa kwa kusogeza ukingo wa njia ya miguu mbele, dereva hulazimika kupunguza mwendo, na umbali wa kuvuka hupungua. Akina mama wanaouza maandazi na ndizi hapo wasifukuzwe. Nafasi ya meza zao inaweza kupangwa nyuma ya njia ya miguu, na kuwepo kwao alfajiri ni ulinzi kwa watoto.

Kuhusu baiskeli tuna machache. Katika mitaa ya ndani, magari yakienda taratibu, baiskeli haihitaji njia yake peke yake. Mahitaji ni tofauti kwenye miinuko yetu, ambako anayepanda huyumba kwa kuchoka na anahitaji nafasi zaidi kuliko anayeshuka, na kwenye barabara kuu, ambako kumchanganya mwanafunzi wa baiskeli na malori yaendayo Tunduma ni jambo lisilokubalika.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, barabara kuu ya Tanzania na Zambia inayokatiza jiji letu inapanuliwa kuwa ya njia nne kati ya Nsalaga na Ifisi, na sisi tunaufurahia mradi huo. Ombi letu ni kwamba vivuko vyake vipewe uzito uleule unaopewa lami yake. Hatari ya njia nyingi ni hii: dereva wa njia ya kwanza anasimama kwa wema, mtoto anaanza kuvuka akiwa amefichwa na gari hilo, na dereva wa njia ya pili hamwoni. Kisiwa cha kusubiria katikati, ili mtoto avuke upande mmoja kwanza na kupumzika, pamoja na taa na mistari ya kusimamia magari iliyowekwa mbali kidogo na pundamilia, hupunguza hatari hiyo. Daraja la juu lenye ngazi lisichukuliwe kuwa jibu la kila mahali, kwa kuwa mama mwenye tenga la viazi kichwani, mzee wa magoti mabovu na mwenye baiskeli hawatalipanda.

Mambo haya si ya nchi za mbali tu. Jijini Dar es Salaam, asasi ya Amend ilitengeneza njia za miguu, matuta na vivuko kuzunguka shule za msingi kupitia mradi wa SARSAI, na mwaka 2019 mradi huo ulipata tuzo ya kimataifa ya miji ya WRI Ross. Nayo Uholanzi, inayosifiwa leo kwa baiskeli, ilipoteza zaidi ya watoto 400 barabarani katika mwaka 1971 pekee, na wazazi walipoingia mitaani kudai mabadiliko ndipo mitaa ya makazi ilipoanza kupangwa upya.

Kwa hiyo tunakuomba utufikishie kwa TARURA, wenye dhamana ya barabara za mijini na vijijini tangu mwaka 2017, ombi la kufanya jaribio katika kipande cha barabara kati ya geti letu na kona tuliyoitaja. Jaribio hilo linaweza kuanza kwa rangi, matairi chakavu yaliyojazwa udongo na koni, ili kona ibanwe na njia ya miguu ipatikane kabla ya zege kumwagwa. Pakionekana kasoro, ni rahisi kurekebisha tairi kuliko ukuta. Wazazi watatoa nguvu kazi na matairi, klabu itapima mwendo wa magari kabla na baada chini ya usimamizi wa walimu na askari wa usalama barabarani, na mafundi wa mtaa wamekubali kufyatua vifuniko vya mtaro kwa gharama ya saruji na nondo. Tunachohitaji kutoka kwa wenye dhamana ni kibali, mchoro wa mhandisi, pamoja na mchango katika saruji hiyo.

Mwisho, tunakuomba baada ya shughuli hii, kabla ya kuelekea kwenye chakula, utembee pamoja nasi kutoka getini hadi kwenye kona hiyo, kwa miguu, ukipita pale wanapopita watoto.

Tunaomba kuwasilisha.