Mnara ule ni wa nani

Galway, Ayalandi
19 Julai

Kwako ndugu yangu Salum,

Asalaam aleikum. Sisi huku hatujambo, ila mvua haijatupa nafasi.

Ile picha ya mnara kando ya mto ni ya Thoor Ballylee, karibu na mji mdogo wa Gort. Ulipoiona uliniuliza, "Sasa huo ni wa nani?" Jibu lake refu, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Ulijengwa na ukoo wa de Burgo yapata miaka mia sita iliyopita. Walikuja na Wanormani, wavamizi waliotokea Uingereza, lakini kufikia wakati huo walishakuwa Waayalandi kwa lugha na kwa mila. Wewe fundi ungeupenda. Kila ghorofa ni chumba kimoja tu, zipo nne, na ngazi ya mawe inajizungusha ndani ya ukuta wenyewe. Ukuta huo una unene wa futi saba! Kwenye kitundu kimoja cha ngazini niliingiza mkono hadi begani, vidole visitokeze nje. Jiwe lilikuwa baridi na lina unyevu, na hii ni Julai.

Baadaye ukaingia katika mashamba ya akina Gregory wa Coole, mabwana wa ardhi wa eneo lile. Mwanzoni mwa karne ya 20 bodi ya serikali ikawa inanunua mashamba ya mabwana na kuwagawia wapangaji. Shamba lina faida kwa mkulima, lakini gofu la mnara atalifanyia nini? Mwaka 1917 mshairi William Butler Yeats akaununua kwa pauni 35. Mwaka uleule alimwoa mwanamke aliyeitwa George, wakautengeneza, na kwa miaka kadhaa wakawa wanakaa hapo majira ya joto. Ukutani pana bamba la jiwe lenye beti zake fupi, zinamtaja mkewe na mhunzi wa Gort.

Kuna kisa kimoja hakinitoki akilini. Mwaka 1922, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, wapiganaji walikuja usiku kulipua daraja lililo mlangoni kabisa. Wakaiambia familia isitoke nje. Kazi ilipokwisha wakaaga kwa adabu, wakashukuru, wakaenda zao. Kifusi cha daraja kikaziba mto, maji yakaingia chumba cha chini. Nilisimama juu ya daraja la sasa nikawaza watoto wawili wadogo waliokuwa ndani siku ile.

Yeats aliacha kwenda mwishoni mwa miaka ya 1920 na mnara ukaanza kuchakaa tena. Nyumba kubwa ya akina Gregory kule Coole ndiyo iliyopata balaa zaidi: serikali iliinunua mwaka 1927, na mwaka 1941 ikabomolewa, mawe yake yakauzwa. Nilikwenda kuona. Umebaki msingi tu na miti mikubwa. Iliniuma, Salum, kwa sababu nyumba ile ilikuwa nzima.

Mnara wenyewe uliokolewa na majirani. Walianzisha chama chao miaka ya 1960, wakahangaika hadi ukafunguliwa tena 1965, miaka 100 tangu Yeats azaliwe. Shirika la utalii la taifa likaushika. Mwaka 2009 mto ukafurika, pakafungwa, na pakakaa hivyo kwa miaka. Wenyeji wakachangishana, wakasafisha kwa mikono yao, wakafungua Juni 2015. Majira ya baridi yaliyofuata maji yakarudi. Wakaanza upya kufagia tope.

Mama mmoja mzee anayejitolea pale alinionyesha maji yalipofikia. Aliweka kiganja ukutani, juu ya kiuno chake, akakiacha hapo muda bila kusema kitu. Ukiniuliza mimi, mnara ni wa yule mama, hati iwe na jina la nani.

Sasa nataka msaada wako. Nyie Mji Mkongwe mnafanyaje ukuta wa mawe na chokaa ukinywa maji? Mnauacha ukauke muda gani kabla ya kupaka chokaa mpya? Nimemwahidi yule mama kwamba nitamuuliza rafiki yangu fundi. Niandikie kwa urefu, nitamtafsiria.

Wasalimie nyumbani wote, na shikamoo yangu kwa mama.

Nduguyo,
Hamisi