Kwa kaka yangu, juu ya maneno uliyoyasema barazani

Kaka,

Assalaamu alaykum. Simu zangu hupokei. Ujumbe unausoma usiku wa manane, alama za buluu zinanionesha, na hujibu. Basi nakuandikia hapa, na wanao watakusomea utake usitake. Jina lako silitaji. Wa Wete, kwetu Pemba, watakujua, wa kwengine haiwahusu.

Siku ya khitma ya mama nyinyi wanaume mko barazani, sisi tuko ndani. Juzuu zimeshasomwa, ubani ungali unafuka, mimi na mama mdogo tumeinamia sinia za wali. Ndipo nikakusikia. Hukunong'ona, wala sauti yako tangu utoto haikuumbwa kwa kunong'ona. Ulisema: "Huyu dada yetu anasomea damu huko Ulaya, na mamaake kafa hana damu mwilini. Na dawa kazikataza yeye." Mtu mmoja akacheka, si kwa ubaya, kicheko cha aliyekosa la kusema. Huku ndani wanawake wote kimya. Mama mdogo akanigusa mkono ulioshika upawa, akanambia, "Pakua mwanangu, wali unapoa." Nikapakua. Kila sinia iliyotoka kuja kwenu siku ile niliipakua mimi, na wewe ukala.

Hilo ndilo nisiloweza kulimeza. Ungeniita pembeni ukanitukana, ningelia tukayamaliza. Lakini mbele ya baraza nzima, mimi niko ndani, siwezi hata kutoka kujibu! Ulijua kuwa siwezi kutoka.

Sasa nisikilize. Sikukataza dawa. Nilichokwambia kwenye simu ni kwamba vidonge vya damu, yaani vya chuma, madini ya kutengenezea damu, peke yake havitamfaa mama maadamu baridi yabisi yake haijatulizwa. Wewe ukachukua maneno ya mbele ukaacha ya nyuma, ukadhani nakwepa kutuma pesa. Vidonge vile bei yake unaijua. Ningekwepa kitu cha bei ile?

Mama hakuwa na upungufu wa damu wa kukosa mboga na maini. Viungo vyake vilikuwa vimevimba miaka na miaka, vidole vimepinda hata kufunga kilemba hawezi. Mwili ukiwa kwenye uvimbe wa namna hiyo, seli za kinga hutoa kemikali za kupelekeana habari. Mojawapo inaitwa intaleukini-6. Jeni lake lilitambuliwa Osaka mwaka 1986 na kina Tadamitsu Kishimoto. Ikifika kwenye ini, ini hutoa homoni ndogo, hepsidini, na hiyo hepsidini huondoa vijilango vya feropotini ambamo chuma hupita kutoka utumboni kuingia kwenye damu. Huvifunga pia kwenye makrofaji, seli zinazokula chembe nyekundu zilizozeeka na kutunza chuma chake. Mwili hufanya hivyo kwa sababu vijidudu vinakitaka hicho chuma. Babu alipokuwa akisikia kuna wezi wa karafuu Mtambile alilifunga ghala, hata bibi akitaka kupima pishi moja hapewi. Karafuu zipo tele, sokoni haziendi. Wewe ukawa unamjazia mama karafuu nyengine mlangoni, mlango umefungwa, ndiyo maana tumbo likimuuma na choo kinakuwa cheusi. Chuma kilikuwa kinapita tu.

Hiyo ndiyo kazi yangu, kaka. Wewe huiita "kazi ya kuchezea damu". Naangalia jinsi ini linavyopokea amri mbili zinazopingana. Uvimbe unaliambia lifunge. Uboho wa mifupa, unapohitaji chuma cha kutengenezea damu, unaliambia lifungue, kwa homoni iitwayo erithroferoni iliyogunduliwa mwaka 2014. Na uboho nao haujianzii wenyewe, husukumwa na erithropoietini inayotoka kwenye figo. Kwa mtu kama mama, amri ya kufunga ndiyo hushinda. Kwa nini hushinda, na kwa kiasi gani, ndiyo siku zangu zote zinakokwenda.

Mama aliielewa kuliko wewe. Unakumbuka likizo ile nilipomweleza namna erithropoietini ilivyopatikana? Eugene Goldwasser na wenzake kule Chicago mwaka 1977 waliisafisha kutoka kwenye zaidi ya lita 2,500 za mkojo wa wagonjwa wa Japani. Mama kaacha kuchambua mchele. Nikamwambia hata hepsidini ilipatikana mkojoni, Los Angeles, 2001. Akacheka mpaka akakohoa, akasema, "Skuli yote ile kumbe kwenda kusomea mikojo! Si ungebaki hapa ukafua mawinda ya watoto wa kakaako." Na wewe ulicheka. Ulikuwa umeegemea nguzo ya jikoni unakula embe kwa chumvi. Nakupenda ukiwa vile, nisikufiche.

Halafu kuna hili ambalo wewe hasa, Mpemba wa Pemba, ungepaswa kunisikiliza. Huku nikijitambulisha kuwa natoka Pemba, watu wa fani yangu huinua vichwa. Kisiwa hawakijui kiko wapi, karafuu hawajaziona mtini, lakini jina wanalijua kwa sababu ya vidonge vya chuma. Unaukumbuka ule utafiti, mdogo wetu wa mwisho alikuwemo. Mama akikiyeyusha kidonge kijikoni, anamziba pua, anakitia. Hatukujua chake kina chuma au kimo katika vile visivyo na kitu. Hata waliokuja kuvigawa hawakujua, ndivyo utafiti ule ulivyopangwa. Watoto zaidi ya 24,000 wa kisiwa chetu, wa mwezi mmoja hadi miezi 35. Agosti 2003 chuma kikasimamishwa. Matokeo yalipotangazwa mwaka 2006, ilionekana kuwa waliopewa chuma pamoja na foliki asidi, vitamini ya kusaidia kutengeneza damu, uwezekano wao wa kufa au kuugua hata kulazwa ulizidi kwa asilimia 12 kuliko waliopewa vidonge vitupu. Malaria wakati ule ilikuwa kali, unajua mwenyewe tulivyokuwa tukishikwa zamu kwa zamu. Lakini kundi dogo lililopimwa damu kabla ya kuanza lilionesha kuwa watoto waliokosa chuma kwelikweli walinufaika. Mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani likabadilisha ushauri wake kwa maeneo ya malaria.

Mimi nilikisoma kisa hicho chuoni, kwenye kitabu cha Kizungu, nikaona neno Pemba katikati ya ukurasa. Nikatoka nje. Ndipo nilipoamua nisomee nini. Hilo sijawahi kukwambia, kwa kuwa hujawahi kuuliza. Wewe huuliza mshahara tu.

Kwa hiyo niliposema "subiri, mama apimwe kwanza, usimpe tu", sikuwa najifanya Mzungu. Nilikuwa nasema jambo lililofahamika kwa damu ya watoto wa Konde na Chake na Kengeja, na mdogo wetu mmojawapo.

Sasa zamu yako. Ile methotrexate, dawa ya baridi yabisi ya mara moja kwa wiki, nani alimwachisha? Daktari aliiandika, mimi niliituma na foliki asidi yake, mama akaanza, vidole vikaanza kulegea. Mke wa jirani akakwambia hiyo dawa ya kansa, ukatazama kwenye simu ukaona kweli yaandikwa kansa, basi ukaitupa. Ni kweli inatumika kwa kansa. Kwa baridi yabisi kipimo chake ni kidogo mno, mara moja kwa wiki, na damu na ini hupimwa mara kwa mara. Haya yote nilikuwa tayari kukueleza. Hukupiga. Ukaenda ukanunua juisi ya rosela na vidonge vya damu, na mama akawa anavinywa ili kukuridhisha. Aliniambia mwenyewe: "Kaka yako kahangaika, mwanangu, nitamkataaje." Na ile nyengine inayozuia intaleukini-6 moja kwa moja, iliyozaliwa na kazi ya Kishimoto, nayo niliulizia bei. Nilizunguka kwa kila niliyemjua. Ningeipata ningekuja nayo mkononi. Hayo barazani hukuyasema, kwa sababu hukuyajua.

Wala mama hakufa kwa kukosa damu. Moyo ndio uliosimama. Baridi yabisi ikikaa mwilini miaka mingi huudhuru na moyo. Hilo liko vitabuni tangu zamani, si mimi nilolitunga kujitetea.

Najua ulimbeba ukimpeleka kuoga. Najua usiku ulikuwa unalala mlangoni kwake, mimi nimelala huku na joto la mashine ukutani. Hilo halifutiki, nami nalisema mbele ya watu kama ulivyosema lako. Lakini kumlea mama hakukupi haki ya kunihukumu mbele ya waume wa mtaa.

Na jambo jengine kabla sijasahau, kwa kuwa najua utazigeuza tena kauli zangu: mkwe wako ana mimba. Vidonge vya chuma anavyopewa kliniki avinywe, vyote, kila siku. Mimba ni habari nyengine. Usije ukasema shangazi kakataza. Akihisi kichefuchefu avinywe usiku baada ya chakula, na chai ya rangi asinywee navyo, hupunguza chuma kinachoingia. Alale ndani ya chandarua. Mwambie na mumewe, maana yule kijana kachukua masikio yako.

Nataka karatasi ya mwisho ya maabara ya mama. Ile yenye ferritini (kipimo cha chuma cha akiba) na CRP (kipimo cha uvimbe), rangi ya njano, imekunjwa mara mbili. Ferritini ikiwa chini, ghala lilikuwa tupu na wewe una la kusema. Ikiwa juu, na CRP iko juu, chuma kilikuwemo ndani muda wote. Nilimwomba mama anisomee kwenye simu, miwani ikawa haionekani, tukaingia mazungumzo mengine. Ipige picha mbele na nyuma, unitumie. Usinambie imepotea. Mama alikuwa akiziweka karatasi zake zote kwenye mkoba wa ukili, mkoba uko kwako kabatini, na ufunguo anao mkeo, kanambia mwenyewe.