Misikiti kumi na saba

Malindi, Jumapili jioni

Ndugu yangu Shee,

Kwema huko Langoni? Mama mwambie achari yake ya maembe imekwisha, chupa ninayo, nitaileta.

Uliponiuliza kwenye simu mwalimu wa fizikia anaaminije dunia iliumbwa kwa siku sita, nilicheka nikakwepa. Jibu ninalo, ila siku ile moyo ulikuwa mahali pengine. Nilikuwa nimetoka kwenye mkutano wa injili, mhubiri mgeni kashika kipaza sauti, anawatangazia majirani zetu kwamba swala zao hazifiki popote. Mimi nimekaa mstari wa mbele. Akapita yule muuza kahawa wetu na dele lake, akanimiminia kama kawaida, hakusema neno. Namtolea pesa, akakataa. Kahawa ile ilinikaa kooni.

Kesho yake nikaenda kukaa kwenye kanisa la Wareno, lile dogo la paa la makuti, penye makaburi. Fransisko Ksaveri, mmisionari wa Kikatoliki, alipita Malindi mwaka 1542 akielekea Goa, India, wakazika hapa mtu aliyefia merikebuni. Katika barua aliyoandika alipofika Goa anasimulia kwamba mkubwa mmoja wa mji, Mwislamu, alimwuliza: kwenu watu huenda kanisani sana? Maana hapa misikiti ni 17, na inayoendewa ni mitatu tu.

Hebu fikiri. Mtu anamfunulia mgeni aibu ya nyumba yake, anataka kujua kama na kwa mwenzake ni hivyo hivyo. Akajibiwa kwamba Mungu hapendezwi na sala za wasioamini, ndiyo maana anaziacha zipotee. Hawakuafikiana, Ksaveri mwenyewe anakiri. Ni mtakatifu wetu, na jina la kipaimara nimechukua lake, lakini siku ile alikuwa kama mwenye duka anayeponda bidhaa ya jirani.

Kanisa lilikawia kurekebisha hilo. Mpaka Oktoba 28, 1965, Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu, ulipotamka katika hati ya Nostra Aetate kwamba Kanisa linawaheshimu Waislamu, wanaomwabudu Mungu mmoja. Hesabu mwenyewe: miaka 423. Yule mhubiri si Mkatoliki, hati hiyo haimbani; ila muuza kahawa hatuulizi madhehebu, sote kwake ni watu wa msalaba.

Haya, siku sita zako. Mtakatifu Augustino, askofu, Mwafrika wa Thagaste, Algeria ya leo, aliliona tatizo hilo zaidi ya miaka 1,600 iliyopita: jua linatajwa siku ya nne, sasa siku tatu za mwanzo zilipimwa na nini? Akasema si siku hizi zetu. Akaonya pia kwamba Mkristo akiropoka mambo ya nyota mbele ya anayeyajua, kinachochekwa ni Kitabu.

Na ile nadharia kwamba ulimwengu unatanuka, mmoja wa walioileta, mwaka 1927, ni padre, Georges Lemaître wa Ubelgiji. Papa Pius XII alipoanza kuizungumza mwaka 1951 kama ushahidi wa uumbaji, Lemaître hakufurahi. Hakutaka hesabu zake zifanywe hoja ya dini. Nampendea hapo. Ndiyo maana ile video uliyonitumia, ya sheikh anayezipata sayari zote kwenye aya, sikuijibu. Na kwetu wapo wa namna hiyo, tele. Imani ukiifunga kwenye nadharia ya leo, umefunga mashua kwenye mashua. Ile ya mbele ikikata nanga, mmekwenda wote.

Jana nikamfuata muuza kahawa, nikamwomba radhi. Alikuwa akisuuza vikombe, hata kichwa hakuinua.

"Kwani siku nyingine kanisani kwenu mnajaa vile?"

"Pasaka na Krismasi," nikamwambia.

Akacheka mpaka maji yakamwagika. "Sisi Ramadhani."

Kisha akanidai pesa ya vikombe viwili, cha jana na cha siku ile.

Wako,
Mwalimu