Safari ya Breckenridge Jumamosi hii

Habari zenu ndugu zangu wa Denver,

Tunaondoka saa 1 kamili asubuhi, maegesho ya kanisani. Mchango ni dola 25 kwa mtu mzima, watoto bure. Mwisho Alhamisi jioni, kwa mweka hazina.

1. Tutaanzia barabara ya Boreas Pass. Miti ya aspeni imegeuka dhahabu, majani yanatetemeka hata kwa upepo mdogo. Msikose!
2. Mchana tutashuka Main Street kwenye Oktoberfest, tamasha la Kijerumani la bia: muziki, soseji. Madereva, bia hapana.
3. Mama Neema chapati, Juma chai ya tangawizi.

Mji uko karibu mita 2,900 juu ya usawa wa bahari: beba sweta na maji mengi. Mwenye pumu aniambie mapema.

Andika "NAKUJA" na idadi yenu kabla ya kesho saa 2 usiku, nipange magari.