Dalia yako haikuuliwa na jua

Tuanze na jina, maana lishatuchekesha hapa kitaluni. Bibi mmoja aliulizia dalia, tukamletea mche kwenye kopo. Yeye alitaka ile ya manjano, ya kujipaka pamoja na liwa! Dalia yetu ni ua, asili yake milima ya Meksiko, na jina limetokana na Anders Dahl, mtaalamu wa mimea wa Uswidi.

Kwa kuwa ni ua la milimani, wateja wengi huamini joto la Unguja ndilo linaloliua. Joto hulidumaza tu. Kinachoua ni maji. Malalamiko tunayopokea karibu yote ni mamoja: nimepanda, nikamwagilia asubuhi na jioni, baadaye nimefukua nimekuta uji. Dalia hupandwa kwa kiazi, na kiazi ambacho hakijachipua hakina mizizi ya kunywea hayo maji, kwa hiyo kinaoza. Sisi wenyewe mwaka wa kwanza tulipanda mwezi wa Machi. Masika yakaingia, hatukuvuna hata ua moja. Ndiyo maana siku hizi ukija Machi hatukuuzii.

Panda Juni, mvua zikishakatika na kipupwe kimeingia. Kwanza kitazame kiazi: jicho liko shingoni, pale kinaposhikana na bua la zamani, si tumboni kama mbatata. Kikikatika shingo, kipike tu. (Tunatania.) Kilaze kwenye shimo la sentimita 10 hadi 15, udongo uwe na unyevu kidogo, kisha weka ndoo chini mpaka uone chipukizi.

Wenye udongo wa kinamo, inueni tuta na mchanganye samadi iliyooza vizuri. Mchanga wa pwani usitie, una chumvi. Walioko kwenye mawe, Paje au Makunduchi, watumie chungu kikubwa chenye matundu, na kama kisima ni cha maji chumvi, wakinge maji ya mvua. Jua la asubuhi linatosha. Mchana ua lipate kivuli.

Mche ukifikisha jozi nne za majani, ukate kilele. Roho inauma, lakini utatoa matawi. Chomeka kijiti mapema, upepo wa kusi hauna huruma na mabua yake matupu ndani. Maua yaliyochakaa yaondoe: tumba jipya ni la duara, lililokwisha limechongoka. La kuweka chomboni likate asubuhi likiwa limeshafunguka, maana tumba halifunguki ndani ya maji. Harufu usiitafute, kwenye kikuba halifai.

Mwisho wa Februari kata mabua, chimbua viazi, utuletee. Tunavihifadhi kwenye vumbi kavu la makumbi mpaka Juni. Walioko Pemba wasichelewe, kwao mvua ni nyingi zaidi. Na tafadhali andika rangi juu ya mfuko, kwa sababu viazi vya ua jekundu na vya jeupe hata sisi hatuwezi kuvitofautisha.